Ushahidi Usionunuliwa: Tovuti Mpya na Maadili ya Viungo

Swali la namna tovuti mpya inavyoweza kujipatia viungo bila kuadhibiwa na injini za utafutaji huchukuliwa kwa kawaida kuwa swali la ufundi, linalofaa kuachiwa wataalamu wa kompyuta na wauzaji wa huduma za matangazo. Hata hivyo, ndani ya ufundi huo limo swali la kale zaidi, ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelijadili kwa karne nyingi: ni masharti gani yanayoufanya ushahidi wa mtu mmoja ustahili kuaminiwa na mwingine, na ni wakati gani anayeutafuta ushahidi huo kwa manufaa yake huwa ameuharibu? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kiungo ni aina ya ushahidi, kwamba ubaya wa kiungo cha kununuliwa hautokani na adhabu inayokifuata, na kwamba mwenye tovuti mpya aliyeuelewa msingi huo hana haja ya hila za kukwepa adhabu.

Kiungo ni maneno au picha katika ukurasa wa wavuti ambayo msomaji akiibofya hupelekwa kwenye ukurasa mwingine, na injini ya utafutaji ni mfumo wa programu unaopitia kurasa hizo, kuzihifadhi katika faharasa na kuzipanga kwa daraja kila msomaji anapouliza jambo. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walieleza mbinu iliyoitwa PageRank, ambayo hukadiria uzito wa ukurasa kwa kuangalia kurasa nyingine zinazouelekea, huku kiungo kitokacho ukurasa wenye uzito kikithaminiwa kuliko kile kitokacho ukurasa usiotajwa na yeyote. Wazo hilo lilikuwa na asili katika taaluma, kwa kuwa wasomi walikuwa wamezoea kupima umuhimu wa makala kwa kuangalia makala nyingine zinazoirejelea, na Eugene Garfield alikuwa ameanza kuchapisha faharasa ya marejeo ya kisayansi tangu miaka ya 1960. Msingi wa mbinu hiyo ni dhana moja ya kimaadili, yaani kwamba anayeweka kiungo hufanya hivyo kwa hiari yake, baada ya kuona kwamba kile anachokielekezea kina faida kwa msomaji wake.

Dhana hiyo ilianza kuvunjwa mara tu viungo vilipopata thamani ya fedha. Mwanauchumi wa Uingereza Charles Goodhart alikuwa ameonya mwaka 1975, akizungumzia sera za fedha, kwamba kipimo kinachotegemewa huelekea kupoteza uthabiti wake pale kinapogeuzwa kuwa chombo cha udhibiti, na hali hiyo ndiyo iliyovipata viungo. Yakazuka mashamba ya viungo, yaani makundi ya tovuti zilizojengwa ili kusifiana zenyewe. Viungo vikauzwa na kubadilishanwa kwa wingi. Tovuti zilizokufa zikanunuliwa ili heshima yao ya zamani itumiwe na wageni. Wenye injini za utafutaji walijibu hatua kwa hatua: Januari 2005 ilianzishwa alama ya nofollow, ambayo huijulisha injini kwamba kiungo fulani hakikukusudiwa kuwa sifa, tarehe 24 Aprili 2012 Google ilizindua algoriti, yaani mfululizo wa kanuni ambazo kompyuta huzifuata, iliyoitwa Penguin, kwa lengo la kuzishusha tovuti zilizojipandisha kwa viungo vya hila, na mwaka 2019 ikaongezwa alama ya kutambulisha viungo vilivyolipiwa. Adhabu zenyewe ni za namna mbili, kwani ipo inayotolewa na wakaguzi wa kibinadamu, ambayo mwenye tovuti hujulishwa na anaweza kuomba kesi yake iangaliwe upya baada ya kujirekebisha, na ipo inayotokana na algoriti yenyewe, ambayo siku hizi mara nyingi huviacha tu viungo vya hila bila kuvihesabu.

Wanazuoni wa Hadithi katika Uislamu walikabiliana na tatizo la umbo hilohilo zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kompyuta. Masimulizi ya Mtume yalipoenea katika nchi nyingi, wanazuoni hawakuridhika na maneno yenyewe, bali walidai isnadi, yaani mnyororo wa majina ya wapokezi, na wakaanzisha elimu ya kuwachunguza wapokezi hao mmoja mmoja, ili ijulikane nani alikuwa mwadilifu katika mwenendo wake na makini katika kuhifadhi alichokisikia. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, aliheshimiwa hasa kwa ukali wa masharti yake katika uchunguzi huo. Desturi ya ijaza, ambayo kwayo mwalimu humruhusu mwanafunzi kufundisha alichokipokea kwake, ilifika pia katika madarasa ya pwani ya Afrika Mashariki, na msingi wake ni uleule, kwamba neno hupata nguvu kwa ubora wa anayelithibitisha.

Elimu hiyo inatoa dhana mbili zinazolimulika suala la viungo kwa namna ya pekee. Ya kwanza ni mutawatiri, yaani habari iliyopokewa na watu wengi kiasi kwamba haiwezekani kwa desturi wawe wamekula njama ya kusema uongo. Katika fasili hiyo wingi hauna nguvu kwa sababu ya idadi peke yake, kwani nguvu yake hutokana na kutokuwepo kwa njama, na watu mia moja waliopangwa na mtu mmoja wana uzito wa mtu mmoja. Mwanahisabati wa Ufaransa Condorcet alifikia jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1785, alipoonyesha kwamba uamuzi wa walio wengi hukaribia ukweli endapo kila mmoja anahukumu kwa akili yake mwenyewe na ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupatia kuliko wa kukosea. Kwa hiyo tovuti mia tatu zenye mmiliki mmoja, zinazoielekeza dunia kwenye tovuti ya mia tatu na moja, hazijatoa ushahidi mia tatu, na injini inayokataa kuzihesabu haimwonei mtu yeyote.

Dhana ya pili ni tadlisi, yaani kuficha kasoro ya mnyororo ili uonekane safi kuliko ulivyo. Mpokezi mwenye tadlisi huenda hakutamka neno la uongo, ila alitumia maneno yanayomfanya msikilizaji adhani amesikia moja kwa moja kwa mwalimu mkubwa, ilhali kati yao alikuwapo mtu dhaifu asiyetajwa. Wanazuoni, na miongoni mwao Shu'ba ibn al-Hajjaj wa karne ya nane, waliilaani tabia hiyo kwa ukali mkubwa, kwa kuwa inamnyima msikilizaji habari anayoihitaji ili apime anachoambiwa. Kiungo kilicholipiwa bila kutajwa kwamba kimelipiwa ni tadlisi kamili: huenda bidhaa inayosifiwa ni nzuri kweli, lakini msomaji amefichwa sababu iliyomfanya anayesifu aseme.

Inaweza kudaiwa kwamba kosa hilo ni dogo, kwa kuwa linampandisha mtu bila kumshusha mwingine. Dai hilo halisimami, kwa sababu matokeo ya utafutaji ni orodha, na katika orodha hakuna anayepanda bila mwingine kushuka. Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo, iliyomo katika sura ya 20 ya Kitabu cha Kutoka, inagusa hapa moja kwa moja, kwani sifa ya uongo kwa mmoja ni hukumu ya uongo dhidi ya yule aliyestahili nafasi ile. Na aya ya 135 ya Sura ya Nisaa, inayowaamuru waumini kusimamia ushahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zao na jamaa zao, haiachi mwanya wa kuuweka ushahidi chini ya maslahi. Mwanafalsafa Immanuel Kant naye angeongeza kwamba mnunuzi wa viungo anategemea uaminifu wa wengine ili hila yake ifanye kazi, maana kama viungo vyote vingekuwa vya kununuliwa, hakuna injini wala msomaji ambaye angevijali, na kwa hiyo kanuni anayoifuata haiwezi kuwa kanuni ya watu wote.

Pingamizi zito zaidi ni kuhusu hakimu, yaani mwenye injini ya utafutaji. Kampuni binafsi ya biashara, inayojipatia fedha kwa matangazo, imepata wapi mamlaka ya kuadhibu? Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, kwani kanuni zake hazikupigiwa kura na hakuna mahakama huru ya kukatia rufaa, ingawa ni haki kutaja kwamba Januari 2012 Google iliushusha hata ukurasa wa kivinjari chake yenyewe, Chrome, baada ya kampeni yake ya matangazo kukiuka kanuni ya viungo vya kulipiwa. Hata hivyo, udhaifu wa hakimu hauhalalishi kosa. Wajibu wa kutodanganya katika ushahidi ni deni kwa msomaji, na ungebaki palepale hata kama injini zote zingefutwa. Kwa sababu hiyo anayeuliza tu ni hila gani ambayo bado haijagunduliwa ameuliza swali lisilo lake, na historia inaonyesha kwamba hila ya leo hugunduliwa kesho.

Linabaki tatizo la mgeni, ambaye hajulikani kwa kuwa hana mashahidi, na hana mashahidi kwa kuwa hajulikani. Tatizo hilo ni la kweli, lakini kuomba ushahidi si dhambi, mradi masharti matatu yatimizwe: shahidi awe huru kukataa, awe amekiona anachokishuhudia, na maslahi yoyote yaliyopo baina ya pande mbili yawekwe wazi. Ikichukuliwa kwa mfano tovuti mpya inayokusanya bei za mahindi za kila wiki kutoka masoko ya wilaya, mwenye tovuti hiyo anaweza kuwaandikia waandishi wa habari za kilimo, vyama vya ushirika na watafiti wa vyuo akiwaonyesha takwimu zake. Anaweza kuomba atajwe na washirika anaofanya nao kazi kweli. Anaweza kuandika makala katika tovuti nyingine kwa lengo la kuwafundisha wasomaji wake. Na akilipia tangazo, huhakikisha kiungo chake kina alama ya kulipiwa. Maneno ya kubofya huwaachia wanaomtaja wayachague wenyewe, kwani hakimu anaposikia mashahidi kumi wakitamka sentensi ileile neno kwa neno hushuku kwamba wamefundishwa, na algoriti hushuku vivyo hivyo. Njia hii huenda polepole, lakini hakuna hatua ndani yake ambayo mwenye tovuti angelazimika kuificha.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wanaoandika kwa Kiswahili, ambao kurasa zao katika wavuti ni chache mno zikilinganishwa na za Kiingereza. Pale mashahidi walipo wachache, kila ushahidi wa uongo hupotosha zaidi, na kila mwandishi anayeitaja kwa haki kazi ya mwenzake hujenga njia ambayo wasomaji wengi wataipita. Mwenye tovuti mpya na aanze basi kwa kutoa yeye mwenyewe viungo vya kweli kwa kazi za wengine zinazostahili, na ajenge kitu ambacho mtu mwaminifu anaweza kukishuhudia bila kulipwa, kwa maana ushahidi wa namna hiyo hauna cha kuogopa kwa hakimu yeyote.