Usisafirie Nyota ya Mwenzio

Tarehe 26 Januari 2016, Jeshi la Anga la Marekani liliiondoa kazini setilaiti ya GPS iliyokuwa kongwe kuliko zote, SVN 23, iliyorushwa mwaka 1990. Ilikuwa kazi ya kawaida. Lakini katika kuiondoa, programu ya kituo cha ardhini ilipeleka data mbovu kwenye setilaiti kadhaa nyingine, na baadhi ya saa za mitambo zilizozitegemea zikapotoka kwa mikrosekunde 13 hivi. Uingereza, redio ya kidijitali ya BBC ikavurugika. Kwenye mitambo ya simu, tahadhari za hitilafu zikamiminika kwa saa nyingi.

Kwa anayesubiri basi, mikrosekunde 13 si kitu. Kwa minara ya simu inayopokezana zamu ya kutuma na kupokea kwenye masafa yaleyale, ni balaa: inaruhusiwa kupotoka kwa mikrosekunde 1.5 tu.

Ajabu ni kwamba vipokezi vya GPS havikupoteza mawimbi. Kipokezi kinapowashwa, hutafuta mawimbi yaliyo dhaifu kuliko kelele zinazoyafunika. Kila setilaiti ina msimbo wake wa alama 1,023 unaojirudia kila milisekunde. Kipokezi huunda nakala ya msimbo huo na kuisogeza mbele na nyuma, huku kikibadili masafa kidogo kidogo kwa kuwa setilaiti iko mbioni, mpaka nakala na msimbo vilingane. Hapo kimenasa. Baada ya hapo huirekebisha nakala yake bila kukoma, mawimbi yasije yakakiponyoka. Kikinasa setilaiti nne, kinajua mahali kilipo na saa ya GPS.

Ila saa ya GPS siyo UTC, saa rasmi ya dunia. Zinatofautiana kwa sekunde kadhaa kamili na chembe ndogo juu yake, na setilaiti zenyewe ndizo hutangaza tofauti hiyo. Siku ile chembe ndiyo iliyoharibika. Mawimbi yalinaswa vizuri, ramani zilikuwa sahihi, na saa ikadanganya.

Kinachouma zaidi ni kwamba dalili ilikuwepo. Data ile ilibeba tarehe yake ya marejeo, na tarehe hiyo ilikuwa imeshapitwa. Vipokezi vilivyoikagua kama mwongozo wa mfumo unavyotaka viliitupa. Vilivyomeza kila kilichoshuka kutoka juu viliumbuka.

Kwa hiyo fundi anayefunga mtambo wa saa asiridhike na taa inayosema mawimbi yamenaswa. Taa hiyo inathibitisha kwamba kipokezi kinasikia; haithibitishi kwamba kinachosikika ni kweli. Aweke shahidi wa pili: saa ya rubidi inayoweza kushika muda hata setilaiti zikinyamaza, au mfumo mwingine wa setilaiti kama Galileo. Na saa iliyotulia kwa miezi ikiambiwa ghafla iruke mikrosekunde 13, mtambo ugome kwanza, upige king'ora, na mtu aamue.