Reli Iliyolala Ikingoja Mzigo

Hapa Ruashi, mjini Lubumbashi, kijana akishika makuta kidogo huwaza lori. Mzigo, anasema, utajitafuta. Huyo ndiye ninayemsimulia habari za Charles Metcalfe, mhandisi Mwingereza wa reli aliyezaliwa mwaka 1853.

Metcalfe alisoma Oxford, na huko akafahamiana na Cecil Rhodes, bepari wa kikoloni. Wakaota ndoto moja: reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Mwaka 1897 treni ikafika Bulawayo. Rhodes akafariki mwaka 1902, mwenzake akaendelea. Mwaka 1905 daraja la chuma likavuka Zambezi, karibu kabisa na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, mahali ambapo manyunyu huwafikia abiria. Aliyeweza kuvusha treni pale, nani angemuuliza inakwenda kubeba nini?

Mwaka 1906 reli ikafika Broken Hill, yaani Kabwe ya leo, nchini Zambia. Ilitegemea risasi na zinki za hapo. Madini yalikuwepo, ila yalikuwa yameshikamana, na ufundi wa wakati ule ulishindwa kuyatenganisha kwa faida. Mabehewa yakakosa cha kubeba. Reli ikalala porini kama miaka 3, na deni halilali.

Kilichoiamsha ni shaba ya kwetu. Kalukuluku, hapa hapa Ruashi, kuna mgodi ambao Wazungu waliuita Étoile. Mawe yake ni yale ya kijani, ambayo wazee wa Katanga waliyajua na kuyayeyusha kabla reli haijawazwa. Robert Williams, aliyekuwa na masilahi katika shaba hiyo, akahangaikia fedha. Mwaka 1909 reli ikafika mpakani mwa Kongo, Sakania. Septemba 1910 treni ya kwanza ikaingia Élisabethville, Lubumbashi yetu ya leo.

Lakini mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Reli ikaifuata shaba, Cairo ikabaki kwenye ramani. Metcalfe akafariki mwaka 1928, na mpaka leo hakuna treni ya kutoka Cape hadi Cairo.

Daraja lake bado limesimama. Hesabu ya chuma ilikuwa sawa. Hesabu ya mzigo ndiyo iliyokuja nyuma. Basi, mwanangu, kabla hujatia sahihi deni la lori, tafuta kwanza mtu atakayekupa gunia la kwanza, kisha umuulize la pili litapatikana lini. Lori tupu hula hata likiwa limeegeshwa.