Kungoja kwa Watu Wawili



Katika mafundisho ya Sakramenti ya Ndoa mtu mzima mmoja aliniuliza swali gumu. Alikuwa mchimba madini huko Walikale, na nyumba yake ilikuwa Masisi. Mkewe alikuwa amezaa watoto watano, na katika uzazi wa mwisho alitokwa na damu nyingi hata majirani wakaanza kumlilia. Akasema: «Mwalimu, Kanisa lakataza dawa za kuzuia mimba, lakini laturuhusu kuhesabu siku. Mwenye kunywa dawa hataki mimba. Mwenye kuhesabu siku hataki mimba. Tofauti i wapi?»

Swali hilo si la ukaidi, nalo lastahili jibu.

Kwanza tuzifahamu siku zenyewe. Yai la mwanamke hutoka yapata siku 14 kabla ya damu ya mwezi inayofuata, nalo huishi kadiri ya siku moja tu. Mbegu ya mwanamume yaweza kuishi tumboni mwa mwanamke hata siku 5. Kwa hiyo siku za kupata mimba ni chache. Mwanamke ambaye tangu damu hata damu hupita siku 26 hadi 32, huhesabu tangu siku ya kwanza ya damu; siku ya 8 hata ya 19 ndizo za kujizuia. Wengine hutazama ute: ukiwa wa kuteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, siku zenyewe zimefika. Mambo ya ute yalichunguzwa tangu miaka ya 1950 na mganga Mkatoliki wa Australia, John Billings, ambaye baadaye alisaidiwa na mkewe Evelyn.

Lakini tusidanganyane. Kati ya wanawake 100 wafuatao hesabu hiyo ya siku pasipo kukosa, 5 hivi hupata mimba kwa mwaka. Kwa wale wanaokosakosa hufika 12. Tena mwanamke aliyekimbia vita na kulala njaa kambini, siku zake zaweza kuvurugika, kama zivurugikavyo za mama anyonyeshaye. Hao wasitegemee hesabu ya vidole; wamwendee mwuguzi.

Sasa tofauti. Mkulima wa Masisi aweza kulilaza shamba lake mwaka mzima. Hapandi, wala hakosi. Mwingine apanda maharagwe aliyokwisha kuyachemsha. Wote wawili hawatavuna, lakini huyu wa pili amelifanya tendo la kupanda kuwa uongo. Ndivyo alivyofundisha Baba Mtakatifu Pius XII aliposema na wakunga mwaka 1951, na ndivyo Paulo VI alivyothibitisha katika barua yake Humanae Vitae ya tarehe 25 Julai 1968: tendo la ndoa lisiharibiwe, bali mume na mke wenye sababu za haki waweza kuzitumia siku ambazo Mungu mwenyewe aliziumba pasipo uzazi. Nasema sababu za haki: ugonjwa wa mama, njaa, kukimbia. Mtu apendaye pikipiki kuliko mtoto asijifiche hapa.

Mfano wangu una kilema, nakiri. Shamba halisemi, mke husema. Wanaume wengi hudhani kuhesabu siku ni kazi ya mwanamke, kama kuteka maji. Mke ahesabu vema. Mume arudi usiku amekunywa kasiksi, na hesabu yote yavunjika. Mimba ikiingia, mke ndiye alaumiwaye! Mtakatifu Paulo awaagiza Wakorintho wasinyimane ila kwa kupatana, na mtu hapatani peke yake. Barua ileile ya Paulo VI yasema pia, nasi wanaume hulisahau upesi, kwamba tendo analolazimishwa mwenzi bila kujali hali yake si tendo la upendo.

Wazee wengine wa kale walijua kukaa mbali na mama anyonyeshaye. Ni kweli, na ni desturi ya busara. Lakini mwenye wake wawili alingoja katika nyumba moja tu. Mkristo hana nyumba ya pili.

Yule mchimbaji akauliza tena: «Nikirudi siku ya 12, nami nina siku 4 tu nyumbani?» Nikamjibu kwamba siku hizo 4 atalala kama ndugu. Akasema ni mzigo mzito. Ni mzito, sikumficha. Nikamwuliza ni nani aliyeubeba mzigo siku ile damu ilipomtoka mkewe.

Hakunijibu. Baada ya majuma kadhaa walikuja wote wawili, na daftari alilishika mume. Alikuwa ameandika tarehe za damu za miezi mitatu. Mbili zilikuwa na makosa. Mkewe akamsahihisha mbele yangu, naye akafuta, akaandika upya.