Marehemu Asiyetajwa

Mwanzoni mwa karne ya 20, meli za mvuke za mto Lualaba zilizopita Lokandu, katika Maniema ya Kongo, kati ya Ponthierville, Ubundu ya leo, na Kindu zilikwenda kwa kuni, na kuni zilikatwa kwa mikono. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoanzishwa 1902, ilianza mwaka 1906 kutandika reli ya Kindu–Kongolo, kilomita 355 hivi. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Kibelgiji, waliingia Tabora, katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na nyuma yao walikuwapo wapagazi kwa maelfu, wamebeba risasi na chakula. Kuhara damu na homa ya mapafu viliwamaliza wengi. Wengine walikuwa vijana ambao hawajaoa.

Kijana wa namna hiyo, aliyezikwa kando ya njia bila kuacha mtoto, ni babu wa nani?

John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Ukambani, Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba marehemu hubaki karibu na walio hai maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Akitoweka wa mwisho aliyemjua, naye huzama katika umati wa roho zisizo na majina. Asiyeoa wala kuzaa hukatika na jamii. Kama maelezo ya desturi, maneno haya yana uzito mkubwa. Yakigeuzwa kuwa hukumu, ni ya kikatili: vita vilimnyima mpagazi uhai, na sasa ukoo unamnyima nafasi yake miongoni mwa wazee.

Maniema inalo jibu jingine. Lokandu, iliyoitwa Riba-Riba enzi za misafara ya biashara, iko katika nchi ambamo Uislamu ulitangulia misheni. Baada ya khitma ya Kurani huombewa waliotangulia wote. Wakatoliki nao, kila tarehe 2 Novemba, huwaombea marehemu wote, hata wasiokumbukwa na yeyote. Majina yako kwa Mungu.

Hata hivyo dua hiyo ya jumla inaweza kutumiwa vibaya. Kama Mungu anajua, ofisi ya serikali itafungua makabrasha ya wapagazi kwa nini? Hapo sheria ya mirathi inasaidia kuliko hotuba za kumbukumbu. Deni alilokuwa akidai marehemu haliendi kaburini naye; ni sehemu ya mali anayoacha, na asiye na mtoto hurithiwa na wazazi, au ndugu zake. Haki yake haitegemei kukumbukwa.

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Uingereza na Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, pengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Wapagazi wa upande wa Wabelgiji nao wanadai kutambuliwa vivyo hivyo, na wapwa na wajukuu wa ndugu zao, kuanzia Kindu hadi Ubundu, wana haki ya kuuliza ni nani aliyechukuliwa, alizikwa wapi, na ujira wake ulilipwa kwa nani.