Je, Machozi ni Shahidi wa Kweli?

Mwezi wa Julai tulimzika mzee mmoja wa mtaa wetu, asubuhi ya baridi na upepo mkali. Mjane wake alisimama kando ya kaburi macho makavu, tangu mwanzo hata mwisho. Mpwa wa marehemu, ambaye hakufika kumtazama mgonjwa hata siku moja, alifuta machozi muda wote. Njiani tukirudi tuliyasema yale yasemwayo siku zote: kijana ana huruma, na mama yule moyo wake mgumu. Neno hilo likamfikia mama kabla ya kuanua matanga.

Je, tulikuwa na haki? Si mara ya kwanza machozi kufanywa shahidi kati yetu, basi yafaa tumchunguze shahidi huyu.

Yako machozi ya majonzi na ya furaha. Yako yaletwayo na moshi au kitunguu. Tena yako yale tusiyoyahesabu, yanayolowesha jicho kidogo kidogo mchana kutwa bila kutuarifu; pasipo hayo jicho huuma na kuona ukungu. Ni nani anayeiambia tezi itoe kiasi gani? Mwaka 2010 Carlos Belmonte, Juana Gallar na wenzao wa Alicante, Hispania, walionyesha kwamba kwa sehemu kubwa ni baridi. Uso wa jicho una joto la nyuzi 34 hivi za Selsiasi. Macho yakiwa wazi, utando wa machozi hukauka hewani kama maji ya nguo iliyoanikwa, na jicho hupoa. Katika kioo cha jicho imo mishipa ya fahamu iwezayo kutambua upungufu usiofika nyuzi moja. Hiyo hupeleka habari kwenye ubongo, na amri hurudi kwenye tezi. Panya waliozaliwa bila protini iitwayo TRPM8, ambayo kwayo mishipa hiyo huihisi baridi, walipungukiwa na machozi ya kila siku, lakini yale ya kuwashwa yalibaki. (Protini hiyo hiyo ndiyo itufanyayo tuone ubaridi kinywani tukila peremende, ingawa peremende yenyewe haina baridi yoyote.)

Basi upepo wa makaburini ulifanya kazi yake. Mpwa mwenyewe alituambia baadaye, kwa haya kidogo, "Jamani, ule ulikuwa upepo." Tulikuwa tumeusifu upepo.

Kwa habari za mama, hatusemi kwamba hakulia kwa sababu ya tezi, ingawa ni kweli uzee huyapunguza machozi, hasa kwa akina mama. Kilio cha huzuni kina njia yake nyingine, kianzia ndani ya ubongo, wala hakingoji jicho lipoe.

Mwingine atauliza: je, machozi hayana maana basi? Yanayo. Lakini hata Yesu alipolia kwa ajili ya Lazaro, waliosimama pale hawakupatana: wengine waliona upendo, wengine wakauliza mbona hakuzuia kifo. Machozi yalikuwa yale yale. Twaweza kusema tuangalie matendo badala yake, nani aliyemlisha mgonjwa na nani aliyemfulia. Hiyo ni afadhali, ila nayo yaweza kutupotosha, maana wapo waliopenda sana wakazuiwa na umbali au umaskini. Labda mpwa naye alikuwa na lake. Hatukumwuliza.

Tulikwenda wawili kwa mama kumtaka radhi. Alitukaribisha, akaweka chai, akatusikiliza hata mwisho. Kisha akasema, "Wanangu, mimi nililia miaka miwili, usiku, wakati wa kumgeuza kitandani. Ninyi mlikuwa wapi?"