Mlango Usioitika Hodi

Mtu akikukataza kuingia kwake, je, ana deni la kukueleza sababu?

Hivi karibuni, nikiwa nyumbani Lisekese, nilitaka kuchukua maandalio ya masomo yaliyohifadhiwa katika seva ya chuo kimoja cha ualimu. Niliandika jina na neno la siri nililopewa. Nikajibiwa kwamba jina au neno la siri si sahihi. Lipi kati ya hayo mawili? Haikusema. Nilirudia mara tano, sita, kwa ukaidi wa kizee, hata ule ukurasa wenyewe ukakataa kufunguka. Kimya.

Nikamwita mwalimu kijana, jirani yangu. "Shikamoo Mwalimu. Simu yako imeanza neno kwa herufi kubwa bila kukuuliza," alisema. Kuhusu kimya, alieleza kuwa ukuta wa moto unaoilinda seva humkatia mawasiliano anayekosea mara nyingi, wala haumjibu. Akaniunganisha kupitia simu yake, yenye mtandao mwingine, akaandika herufi ndogo. Tukaingia.

Kwa nini mashine isiseme kweli? Akanijibu: ikisema jina ni sahihi, mwizi amekwisha kupata nusu ya ufunguo, na ukuta ukiitika, atajua pana nyumba. Hoja hiyo ina uzito. Wizi wa namna hii si mgeni: mwaka 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, mwanafunzi Allan Scherr alijichapishia orodha nzima ya maneno ya siri ili apate muda zaidi wa kutumia kompyuta.

Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilipokuwa mkuu wa shule nilimwagiza mlinzi asimwambie mgeni yeyote kama mwanafunzi fulani yupo au hayupo. Tulikuwa na sababu. Wasichana walikuwa wakirubuniwa pale getini. Siku moja alikuja mzee kutoka Newala, akapiga hodi, akamtaja binti yake. Mlinzi akasema hapana, basi. Habari ya msiba haisemwi kwa mlinzi. Mzee alikaa chini ya mkorosho hadi jioni, akarudi zake. Alikuwa amemfuata binti wakamzike mama. Binti alipata habari baada ya siku nne.

Amri ile bado naitetea, maana iliwakinga wengi. Ila yule kijana aliniambia kwamba seva iliyotunzwa vema huacha mahali fulani namba ya msimamizi, ili aliyefungiwa nje apate mtu wa kumwuliza. Mlinzi wangu sikumwagiza hata aniite. Na nyumba yangu ilikuwa hatua mia mbili tu kutoka getini.