Petro Alirudishiwa na Kazi



Petro alimkana Yesu mara tatu, huku akiota moto wa makaa uani kwa Kuhani Mkuu. Sasa soma Yohane 21: Kristo Mfufuka yuko ufukweni, na moto wa makaa tena! Hakumfokea. Alimlisha kwanza mkate na samaki, ndipo akamuuliza mara tatu kama anampenda (ya tatu ilimuuma Petro kwelikweli), na kila mara akamkabidhi kondoo wake.

Yaani hakusamehewa tu, hata kazi alirudishiwa. Wewe uliyeanguka ukaacha kwaya, umeshaungama, padre amekuondolea dhambi, mbona bado unajibanza benchi la nyuma? Jumamosi kuna mazoezi. Sauti ya tatu wanakusubiri.